Mwito wa Tatu wa Safari Sifuri Moja

Watu wa mji wetu walimjua shangazi yangu kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Angeweza kusimama dukani akachagua nyanya na asigeukiwe na mtu. Lakini akisema tu, "Naomba mfuko," wenye mazoea ya kusafiri walishika mikoba yao na kutazama saa.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtangazaji wa uwanja wa ndege. Kibanda chake kilikuwa cha vioo, juu ya ukumbi wa kuondokea: kiti kimoja, feni moja, maiki moja yenye shingo ndefu, na daftari la matangazo. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Tukimtania, alijibu, "Kwani mpiga ngoma za harusi lazima aolewe kila Jumamosi?"

Baba yangu, mdogo wake, alikuwa fundi taa wa uwanja huohuo. Taa za njia ya kurukia, taa za ukumbini, hata ile nyekundu ya kileleni mwa mnara, zote zilipita mikononi mwake. Shangazi alimpa jina la utani la Mshumaa, na mji mzima ukalikubali.

Haya nayasimulia kama nilivyoyapokea kwao wawili, na kwa Bi Dekio ambaye mtamjua muda si mrefu. Wiki ile mimi nilikuwa chuoni, nikihesabu mizani za tungo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kidogo, na nitakisema mwishoni.

Uwanja wetu ulianza na nyasi. Hayo yaliandikwa hata kwenye kijitabu cha uzinduzi, ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya mbuzi wawili na soksi ya upepo. Baada ya nyasi ikaja changarawe. Baada ya changarawe ikaja lami, kilomita moja na nusu, kisha tatu. Siku walipoingiza meza ya uhamiaji na chumba cha forodha wakauita uwanja wa kimataifa, ingawa choo kilikuwa kimoja na ufunguo wake alikaa nao askari.

Sasa lilikuwa limejengwa jengo jipya. Ngazi za umeme. Kaunta kumi na mbili, kila moja na mizani yenye namba nyekundu. Chumba cha kunyonyeshea watoto, chumba cha sala, kibanda kipya cha vioo cha shangazi, mikanda miwili ya mizigo, na ubao wa safari mpana kama ukuta wa nyumba. Jengo la zamani liliachwa pembeni, limeunganishwa na jipya kwa ujia mfupi. Lilikuwa na milango mitatu ya kuondokea. Wa kwanza na wa pili ilikuwa bado ikitumika. Wa tatu ulizibwa kwa mbao tangu kabla shangazi hajaajiriwa, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa. Jumatano mchana mafundi walikuja kujaribu spika mpya.

Pale uwanjani walikuwa na desturi yao. Maiki haikujaribiwa kwa "moja, mbili, tatu." Mtangazaji alisoma tangazo kamili, mwanzo hadi mwisho, akitumia jina la mfanyakazi mwenzake, na kila aliyekuwa kazini alipaza sauti kutoka kona yake kama amesikia. Namba ya safari ilikuwa ya uongo, ili abiria wa kweli wasikurupuke. Kwa njia hiyo kila mtu alikuwa ameshasafirishwa. Mpishi wa kantini alipelekwa mwezini mara mbili na akalalamika kwamba hajarudishwa.

Kila mara shangazi alitumia safari namba mia tisa tisini na tisa. Siku ile, kwa kuwa jengo lilikuwa jipya, aliona heri aanze na moja.

Akatazama chini. Mdogo wake alikuwa juu ya ngazi katikati ya ukumbi, bisibisi mdomoni, akifunga taa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi.

"Huu ni mwito wa kwanza," akasema kwa sauti yake ya kazi, ile ya asali na chuma. Akasoma majina matatu ya baba yangu kama yalivyo kwenye kitambulisho. "Abiria wa safari namba sifuri moja, unaombwa kufika mlango namba tatu bila kuchelewa."

Baba akatoa bisibisi mdomoni. "Waambie nakuja!" akapiga kelele. "Wasiniache!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Pale karibu na ujia, mpini wa dekio ulianguka sakafuni, na aliyekuwa ameushika hakuinama kuuokota.

Huyo ndiye Bi Dekio. Alianza kufagia pale wakati wa changarawe. Alisukuma dekio kama mtu anayesukuma gari bovu, kwa bega na kwa hasira, na ulimi wake uliogopwa na mameneja watano, mmoja baada ya mwingine. Jioni ile alimfuata shangazi kwenye kabati la mikoba.

"Nani kakupa namba ile?"

"Ipi?"

"Usinichezee. Sifuri moja."

"Nimeitunga tu, Bi Dekio. Kuna shida gani?"

Bi Dekio aligeuka kuondoka. "Pengine hakuna," akasema. "Pengine safari hii hakuna."

Kabla ya kutoka, baba alipanda juu ya mizani ya kaunta ya kwanza, kama wafanyakazi wote walivyozoea kufanya jioni. Namba nyekundu zikasema themanini na nne. Akajipiga tumbo. "Nyama ya ndoa hii," akasema. "Mizigo ya mkononi."

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, shangazi alikuwa kibandani akila ndizi. Maiki ilikuwa imezimwa. Jua limejaa ukumbini, mafundi wanapiga misumari ya jukwaa la wageni.

Spika zikakwaruza.

"Huu ni mwito wa pili."

Shangazi aliacha kutafuna. Ilikuwa sauti yake, asali yake na chuma chake. Akatazama taa ya maiki. Imezima. Akajishika mdomo. Umefumbwa. Na juu, kwenye dari, sauti yake ikaendelea kusoma majina matatu ya mdogo wake, taratibu, bila kukosea. Nyuma ya maneno kulisikika mngurumo. Panga za ndege ndogo, zikizunguka, zikisubiri.

"...mlango namba tatu, bila kuchelewa."

Alipotazama chini, ngazi ya mdogo wake ilikuwa tupu.

Aliteremka mbio, viatu mkononi. Kwenye ujia hapakuwa na mtu. Jengo la zamani lilikuwa na mwanga wa vumbi na viti vilivyofunikwa kwa turubai. Na pale mbele ya mlango wa tatu, mbele ya zile mbao, alisimama baba yangu.

Alikuwa amesimama kwenye foleni. Alikuwa peke yake, lakini alisimama kama mtu wa kwenye foleni. Alisubiri, akasogea hatua moja, akasubiri tena. Aliinua kidogo kiwiko chake, kama anayempisha mtu nyuma yake.

"Mshumaa," shangazi akanong'ona.

Hakugeuka. "Dada, usinipite," akasema kwa upole. "Kuna watu mbele yangu."

Shangazi alimshika mkono, akavuta kwa nguvu za kumvuta mwanamume mzima. Nusura waanguke wote wawili, maana hakuwa na uzito wa mwanamume mzima. Alimfuata kama nguo inavyoifuata kamba. Walipofika kaunta ya kwanza, shangazi, ambaye hakujua lipi jingine la kufanya, alimsimamisha juu ya mizani.

Arobaini na mbili.

Juu yao ubao wa safari, ambao haukuwa umeunganishwa umeme bado, ulikuwa umewaka mstari mmoja. SAFARI 01. MLANGO 3. VITI 1. INASUBIRI.

Bi Dekio aliwafungia kwenye stoo ya mafagio, akageuza ndoo, akakaa.

"Walipoandika kijitabu chao waliniuliza historia," akasema. "Niliwapa. Wakaweka mbuzi."

"Bi Dekio, ndugu yangu anakwisha."

"Basi sikiliza haraka. Safari ya kwanza ya abiria kutoka hapa, enzi za nyasi, ilikuwa namba sifuri moja. Ndege ya viti kumi na tisa. Abiria walikuwa kumi na watano. Mkubwa mmoja alitaka picha ya ndege iliyojaa, kwa hiyo mtangazaji akaambiwa aite. Akaita. Hakuna majina, anaita tu viti. Mara ya nne, ya tano, ya kumi. Ilipofika saa nane na dakika kumi rubani akachoka, akaondoka. Wakaingia kwenye wingu juu ya kilima kile, na hawakutoka upande wa pili. Hawajaonekana. Hata kipande cha bati."

Akaisogeza ndoo yake karibu.

"Na yule mtangazaji hakuifunga safari. Unanielewa? Alikimbia analia. Kwenye daftari la siku ile kuna kuita tu, hakuna kufunga. Basi iko pale. Inasubiri viti vinne vijae."

Shangazi alimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote, maana hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi yake. Abiria huitwa mara tatu. Baada ya mwito wa tatu husubiriwa dakika tano. Asipopita mlangoni, safari hutangazwa kufungwa, jina lake hufutwa, na mzigo wake hushushwa, kwa kuwa hakuna mzigo unaoruhusiwa kusafiri bila mwenyewe.

"Kila walipoleta spika mpya," Bi Dekio akaendelea, "kulikuwa na mjinga wa kujaribu kwa namba moja. Walipomwaga changarawe akaenda karani wa tiketi. Mkewe alimfungia chumbani siku ya tatu. Alipofungua alikuta kufuli nzima na chumba kitupu. Walipoweka lami akaenda mlinzi wa lango. Alikuwa likizo, ukweni, mbali. Viliokotwa viatu vyake barabarani, vinatazama huku. Waliporefusha njia ya kurukia..." Alipangusa mpini wa dekio, ingawa ulikuwa safi. "Mpakia mizigo. Mume wangu. Waliandika ametoroka kazini na mwanamke. Na mimi huyu nikaambiwa nichukue dekio nipanguse sakafu aliyopita."

Baba alikuwa ameegemea mafagio, anatabasamu kama msafiri aliyechoka. Shangazi aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya mdogo wake. Akatoa kikaratasi cha njano, laini kama kitambaa, chenye harufu ya nyasi zilizokatwa sasa hivi. Kiliandikwa: kiti cha kumi na tisa. Mwandiko ulikuwa wa shangazi mwenyewe.

"Mwito wa tatu ni kesho," akasema Bi Dekio. "Ukimficha, watamfuata. Ukimlilia, atakwenda huku unalia. Mimi nililia. Haikusaidia kitu."

Shangazi alikunja kile kikaratasi, akakitia kifuani. Alipoinuka, hofu ilikuwa bado imo, lakini kitu kingine kilikuwa kimeketi juu yake.

"Wametumia sauti yangu," akasema. "Bila ruhusa."

Meneja hakutaka kusikia. Alikuwa na shada la maua mkono mmoja na orodha ya wageni mkono wa pili.

"Mama, kesho saa nane kamili mgeni rasmi anahutubia. Kibanda kifungwe. Sitaki sauti nyingine yoyote kwenye spika zile."

"Sauti itakuwepo, Meneja. Suala ni itakuwa ya nani."

"Una miaka mingapi hapa, Mama? Usitake kuiharibu kwa siku moja."

"Ishirini na sita. Na wewe una miwili. Niache nifanye kazi iliyowashinda waliotutangulia mimi na wewe."

Usiku ule baba alilala vizuri. Mama ndiye hakulala, kwa sababu godoro halikubonyea.

Ijumaa jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Saa sita shangazi alimpandisha baba kibandani, akafunga mlango kwa ufunguo, akautumbukiza ndani ya soksi. Kisha akachukua waya wa taa, ule mnene, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa mdogo wake na nyingine kwenye wake. Akakaza kwa meno.

Chini ukumbi ukajaa. Suti, maua, watoto wa kwaya. Bi Dekio aliambiwa ajifiche wageni wasimwone. Alikwenda kusimama kando ya ukanda wa mizigo, dekio mkononi, wazi kabisa, kama askari wa gwaride.

Saa nane mgeni rasmi akaanza. Alisifu njia ya kurukia. Akasifu ngazi za umeme. Alipofika kwenye historia akawataja mbuzi, na watu wakacheka.

Saa nane na dakika kumi midomo yake iliendelea kucheza, lakini sauti haikutoka.

"Huu ni mwito wa tatu."

Watoto wa kwaya walitazama juu.

"Mwito wa tatu na wa mwisho."

Majina yakasomwa. Moja. La pili. La tatu. Baba alisimama. Miguu yake ilinyooka, halafu ikaendelea kunyooka, na shangazi akaona mwanga kati ya soli na sakafu. Waya ukakazika. Alikuwa anapeperuka kuelekea mlangoni, polepole, kama puto. Mlango ulikuwa umefungwa. Kitasa kikaanza kuzunguka.

Shangazi alizungusha waya kwenye mguu wa kiti, akakikalia kiti. Akafungua daftari. Akaandika saa. Dakika tano.

Dakika ya kwanza, panga zilinguruma ndani ya spika hadi vioo vikatetemeka.

Dakika ya pili, ukaja ubaridi. Na harufu ya nyasi.

Dakika ya tatu, mtu alisimama nje ya kioo. Halafu wawili. Walisimama mmoja nyuma ya mwenzake. Hawakugonga. Kioo hakikuingia ukungu.

Dakika ya nne, sauti ikabadilika. Haikuwa tena ya shangazi. Ilikuwa ya mama yao, aliyezikwa miaka kumi na moja iliyopita.

"Mshumaa, mwanangu," ikanong'ona kutoka kila kona ya dari. "Mbona unatuchelewesha?"

Baba akalia. Machozi yake hayakuanguka chini. Yalielea.

Na hapo, anasema shangazi, ndipo alipokasirika. Hofu ilimtoka kama jasho.

"Huo ni mwito wa nne," akasema. "Mwito wa nne haupo. Sijawahi kuita mara ya nne. Si kwa waziri, si kwa bwana harusi. Na mama yetu hakuwahi kumwita hivyo. Jina hilo nimempa mimi!"

Mkono wa saa ukagusa dakika ya tano. Akawasha maiki.

"Mabibi na mabwana," akasema, na sauti yake ilikwenda hadi kwenye maegesho, hadi kwenye mnara, hadi, wanasema, kilimani. "Safari namba sifuri moja sasa imefungwa. Abiria aliyeitwa hakupita mlangoni. Hasafiri. Jina lake nalifuta."

Akalifuta, kwa mstari mmoja, kalamu ikatoboa karatasi.

"Mzigo wake ushushwe."

Kisha kitu kikapumua kwenye spika.

"Alisema anakuja."

Ilikuwa minong'ono mingi pamoja. Kumi na minane, anasema shangazi. Alihesabu.

"Kusema nakuja si kupanda," akajibu. "Mdogo wangu huniambia anakuja tangu utotoni, chakula kinapoa. Mzigo ushushwe, nimesema! Na sijamaliza. Mlibeba karani wa tiketi. Mkabeba mlinzi wa lango. Mkabeba mpakia mizigo, mume wa mtu, na mtu huyo yuko hapa chini amesimama. Hao hawakuwa abiria. Hawakununua tiketi. Walikuwa kazini! Zamu yao imekwisha. Nao washushwe."

Kitasa kikaacha kuzunguka.

Chini, ukanda wa mizigo ukaanza kutembea.

Utepe wake wa uzinduzi haukuwa umekatwa bado. Ukanda uliusukuma, ukaukata, ukaendelea. Mapazia ya mpira yakafunuka na likatoka sanduku moja la zamani la bati, kona zimepindika, nyasi mbichi zimenasa kwenye bawaba. Lilikuwa na kitambulisho chenye majina matatu ya baba. Wapakiaji wanne waliruka kulishusha, na wanne walishindwa. Ukanda ulikuwa umebonyea chini yake.

Shangazi alifungua mlango, akateremka ngazi za umeme na mdogo wake kwapani kama mkeka uliokunjwa. Wageni waliwapisha bila kuambiwa.

"Mzigo wako," akamwambia. "Chukua, tumalize."

Baba alinyoosha mkono. Aliposhika mpini, soli zake zilipiga sakafu kwa kishindo kilichosikika ukumbi mzima. Akaliinua sanduku kwa vidole viwili. Walipolifungua, halikuwa na kitu.

Wakampandisha kwenye mizani ya kaunta ya kwanza mbele ya watu wote. Themanini na nne.

"Nyama ya ndoa yote ipo," akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

Lakini ukanda ulikuwa bado unatembea. Mapazia yakafunuka tena. Ikatoka kalamu ya wino. Ikatoka firimbi ya mlinzi wa lango, ya shaba, na uzi wake. Halafu pakapita nafasi ndefu, tupu. Bi Dekio hakusogea. Hatimaye ikatoka glavu moja ya mpakia mizigo, ya mkono wa kulia, kiganja kimechakaa.

Aliiokota. Akaivaa juu ya mkono wake mwenyewe. Akasimama hivyo muda mrefu, kama mtu aliyeshikwa mkono.

"Bado ina joto," akasema.

Kisha akamgeukia Meneja, aliyekuwa ameketi sakafuni kati ya maua yake. "Andika upya kijitabu chako," akamwambia. "Na ukiandika tena kwamba ametoroka na mwanamke, nitakupangusa na hili dekio."

Mimi nilifika Jumamosi. Baba alikuwa amelala, na godoro lilikuwa limebonyea vizuri. Mama alikuwa amekaa pembeni akilitazama godoro lile kama watu wanavyotazama mtoto mchanga. Kwenye kifundo cha mkono wa baba kulikuwa na alama ya waya. Haijatoka hadi leo. Shangazi anayo inayofanana nayo.

Kijitabu kiliandikwa upya. Mbuzi wamebaki, ila ukurasa wa pili una watu kumi na watano, na ukurasa wa tatu una karani, mlinzi na mpakia mizigo, kila mmoja kwa jina lake. Bi Dekio aliipeleka ile glavu makaburini, akaizika kwa heshima zote, na siku ya pili akarudi kazini.

Mwaka jana shangazi alistaafu. Siku yake ya mwisho aliniita kibandani nikae naye. Saa nane na dakika kumi mchana, abiria wakiwa wamejaa na mwanga umejaa, alinigusa goti akaniambia nitazame ubao. Ubao ule umeshabadilishwa mara mbili. Mafundi wamekata tamaa nao. Chini kabisa, mahali pasipokuwa na safari, ukawaka mstari mmoja.

SAFARI 01. MLANGO 3. VITI 4. INASUBIRI.

Nilimshika mkono. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Niliifunga, ila wenyewe bado hawakubali. Siku ile ilikuwa imebakiza kiti kimoja," akasema. "Soma tena. Vinne. Umeona? Walishuka, mwanangu. Wote watatu walishuka."

Mstari ulipepesa mara tatu. Kwenye spika, mbali sana, panga zilikuwa zinazunguka.

Shangazi akajisogeza kwenye maiki, akaiwasha kwa mara ya mwisho, na akatumia ile sauti ya asali na chuma.

"Na isubiri," akasema.

Akazima.